Kutunga Kazi ya Nyumbani ya Hisabati kutoka Maktaba ya Maswali ya Pamoja

Utangulizi

Hakuna kazi inayomrudia mwalimu wa Hisabati mara nyingi kama ile ya kutafuta maswali. Kila jioni hutakiwa kuwa na mazoezi mapya kwa ajili ya kesho. Kila atazamapo kitabu cha kiada hukuta kwamba maswali yaliyomo yamekwisha kutumika, na kwamba majibu yake yamekwisha kunakiliwa kutoka daftari la kaka kwenda daftari la mdogo wake. Ili kupunguza mzigo huu, walimu wa nchi mbalimbali wameanzisha maktaba za maswali za pamoja, ambazo huhifadhiwa katika kompyuta na kufikiwa kwa njia ya mtandao. Mwalimu huingia humo, huchagua maswali anayoyataka, huyapanga yawe kazi moja, kisha huwapa wanafunzi wake. Wanafunzi huyafanya kwenye kompyuta au simu, na mashine husahihisha papo hapo.

Muhula uliopita niliwapa wanachuo wangu zoezi la kutunga kazi ya namna hii: maswali kumi juu ya kujumlisha sehemu. Wengi walimaliza kwa muda usiozidi dakika kumi na tano. Nilipowauliza kwa nini swali la nne limetangulia la tano, au swali la saba limekusudiwa kufichua kosa gani la mtoto, wengi walinyamaza. Walikuwa wameokota maswali, lakini hawakuwa wametunga kazi. Siwalaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipata kufanya kosa hilo hilo, na aliyeumia ni mtoto. Nitaeleza habari hiyo mahali pake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maktaba hizi zinavyofanya kazi, na hatua ambazo mwalimu hana budi kuzifuata ili maswali aliyoyaazima yawe kazi ya nyumbani yenye faida. Jambo moja yafaa likumbukwe tangu mwanzo: maktaba humpa mwalimu maswali, lakini haimpi kazi ya nyumbani. Kazi ya nyumbani hutungwa na mwalimu anayewajua watoto wake.

Maktaba ya maswali ni nini?

Mfano mmojawapo wa zamani na ulio mashuhuri ni ule wa WeBWorK. Mfumo huu ulibuniwa katikati ya miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimboni New York, Marekani, na walimu wawili wa Hisabati, Arnold Pizer na Michael Gage. Programu yake hutolewa bure. Kadiri vyuo vingine vilivyoanza kuitumia, walimu wake walituma maswali waliyoyatunga, yakakusanywa mahali pamoja. Hivi leo maktaba hiyo ina maswali zaidi ya 30,000, yaliyopangwa kwa somo, sura na mada ndogo. Mengi yake ni ya kiwango cha chuo kikuu na sekondari, kwa hiyo hayamfai mtoto wa shule ya msingi. Hata hivyo, utaratibu wake ndio unaofuatwa na maktaba nyingine nyingi, na ndiyo sababu nauanza nao.

Kwa shule za msingi, mfano ulio karibu zaidi nasi ni Kolibri, programu iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti ya kutegemewa. Masomo na mazoezi hupakuliwa mara moja na kuwekwa katika kompyuta moja, nayo huyagawa kwa kompyuta nyingine za chumba hicho bila kuhitaji intaneti. Miongoni mwa yaliyomo ni mazoezi ya Hisabati ya Khan Academy. Programu yenyewe hutumika kwa lugha nyingi, Kiswahili ikiwa mojawapo. Mwalimu aweza kuchagua maswali kutoka mazoezi hayo, akatengeneza jaribio la kundi fulani la wanafunzi, na baadaye akaona ni maswali yapi yaliyowashinda wengi.

Swali lililo kiolezo

Katika baadhi ya maktaba, kama hiyo ya WeBWorK, swali si lazima liwe na namba zilizokwisha kuandikwa. Mara nyingi huwa ni kiolezo. Mtunzi huandika umbo la swali, kisha huiagiza mashine ichague namba kwa bahati nasibu kwa kila mwanafunzi. Juma akipata 2/5 + 1/3, Asha aweza kupata 3/4 + 1/6. Faida yake ni dhahiri. Watoto wawili waliokaa pamoja hawawezi kunakiliana majibu, na wanalazimika kuelezana njia. Hilo ndilo tunalolitaka.

Lakini kiolezo kina hatari zake, na mwanachuo yampasa azijue.

Hatari ya kwanza ni kwamba swali moja laweza kuwa jepesi kwa mtoto mmoja na gumu kwa mwenzake. Tuchukue kiolezo cha kujumlisha sehemu mbili, ambacho asili zake huchaguliwa kwa uhuru kati ya 2 na 9. Jozi za asili zinazowezekana ni 64, na katika hizo, jozi 8 zina asili zilizo sawa. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, mtoto mmoja katika kila wanane atapata swali kama 2/7 + 3/7, ambalo halimtaki atafute asili ya shirika. Katika darasa la watoto 48, yapata watoto sita watapewa alama ya ujuzi ambao hawakuuonyesha.

Mfano wa pili ni wa kutoa namba za tarakimu mbili, ambapo makumi ya namba ya juu yamewekwa yawe makubwa kuliko ya namba ya chini, na tarakimu za mamoja zimeachwa zichaguliwe ovyo. Jozi za mamoja ni 100. Zile ambazo mamoja ya chini yanazidi ya juu, hata ikabidi kukopa kutoka nafasi ya makumi, ni 45 tu. Mwalimu anayedhani kwamba amewapa watoto zoezi la kukopa, kumbe zaidi ya nusu ya maswali aliyowapa ni ya aina ya 58 − 32, ambayo hayahitaji kukopa hata kidogo.

Hatari ya pili ni ya swali kuvuka mipaka ya somo. Kiolezo kile kile cha sehemu chaweza kutoa 2/3 + 3/4, ambazo jumla yake ni 17/12, yaani 1 na 5/12. Ikiwa darasa halijafundishwa sehemu zinazozidi kizima, mtoto huyo ameulizwa jambo asilofundishwa, na mwenzake hakuulizwa. Kwa sababu hizi, usilitazame swali la kiolezo mara moja na kuliacha. Lifungue upya mara tano au sita, uone namba zinavyobadilika. Kama maktaba inaruhusu kuweka masharti ya namba, yaweke. Kama hairuhusu, tafuta swali jingine.

Hatua za kutunga kazi

1. Anza na makosa ya watoto

Kabla ya kuifungua maktaba, chukua karatasi. Andika lengo la somo kama lilivyo katika andalio lako, kisha andika chini yake makosa ambayo watoto huyafanya katika mada hiyo. Kwa kujumlisha sehemu, makosa makuu ni matatu. La kwanza ni kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, ili 1/3 + 1/4 iwe 2/7. La pili ni kutafuta asili ya shirika na kusahau kubadili kiasi, ili 1/3 + 1/4 iwe 1/12 + 1/12, yaani 2/12. La tatu ni kuacha jibu bila kulirahisisha, kama 1/6 + 1/3 inapoachwa kuwa 3/6.

Karatasi hii ndiyo kipimo chako. Kila swali utakalolichagua lijibu hoja hii: ni kosa lipi litakaloonekana hapa? Swali la 2/7 + 3/7 litamfichua mtoto wa kosa la kwanza, kwa kuwa ataandika 5/14. Yule wa kosa la pili atalipata, maana hapo hapana kiasi cha kubadilishwa. Kwa hiyo, mwalimu akichagua maswali kumi ya asili zilizo sawa, mtoto huyo atapata kumi juu ya kumi, naye mwalimu atasonga mbele akidhani kwamba mada imeeleweka.

2. Jihadhari na swali linaloficha kosa

Jambo hili ni zito zaidi kwa sababu mashine husoma jibu tu, haisomi fikra. Tuchukue kulinganisha desimali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, Kaye Stacey na Vicki Steinle, wameeleza kwa kirefu jinsi watoto wanavyokosea hapa kwa njia zinazopingana. Wapo wanaodhani kwamba desimali yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa, na wapo wanaodhani kwamba yenye tarakimu chache ndiyo kubwa.

Sasa waulize watoto hao ni ipi kubwa kati ya 0.3 na 0.45. Mtoto wa kundi la kwanza ataona kwamba 45 inazidi 3. Atachagua 0.45, naye atasahihishiwa. Waulize tena ni ipi kubwa kati ya 0.5 na 0.25. Safari hii huyo atachagua 0.25 na kukosa, lakini mwenzake wa kundi la pili atachagua 0.5 kwa sababu ni fupi, naye atasahihishiwa. Kila swali peke yake linamficha mtoto mmoja. Yakiwekwa yote mawili katika kazi moja, hakuna anayejificha. Maktaba haitakwambia kwamba maswali haya mawili ni ndugu. Ni wewe utakayeyakutanisha.

3. Soma swali zima, si kichwa chake

Maswali ya maktaba hupangwa kwa vichwa kama "Kujumlisha sehemu" au "Desimali". Kichwa hakitoshi. Soma maneno yote, na utazame vipimo na mazingira yaliyotajwa. Maswali mengi yaliyotungwa Marekani hutaja yadi, maili, paundi na galoni, na mtoto wa Darasa la Tano hapaswi kushindwa sehemu kwa sababu hajui galoni.

Lakini kubadili maneno nako kuna mitego. Swali laweza kusema kwamba mtu amenunua kalamu kwa dola 3.75 na daftari kwa dola 2.50, alipe kiasi gani. Mwanachuo mmoja alibadili "dola" ikawa "shilingi", akadhani amemaliza. Mtoto wa Marekani huzishika senti mkononi kila siku, kwa hiyo fedha humsaidia kuelewa desimali. Mtoto wetu hajapata kununua kitu kwa shilingi 3 na senti 75, wala hakuna duka litakalomuuzia hivyo. Swali hilo limepoteza msaada wake, na likabaki la ajabu. Lingalifaa kama lingehusu mita 3.75 na mita 2.50 za kitambaa, au kilo za sukari, maana huko desimali hukutana na maisha ya mtoto. Ukitafsiri swali, tafsiri pia mazingira yake.

4. Fanya kazi yote wewe mwenyewe, kama mwanafunzi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami niliiruka. Kabla ya kuwa mkufunzi nilifundisha Darasa la Sita katika shule iliyokuwa na chumba cha kompyuta chache. Siku moja nilichukua maswali kumi ya sehemu kutoka maktaba moja, nikayapanga, nikawapa watoto. Sikuyafanya mimi kwanza. Nilikuwa na haraka, na maswali yalionekana mazuri.

Mojawapo lilikuwa 1/4 + 1/2. Msichana mmoja alizidisha asili zote mbili, akapata 2/8 + 4/8, akaandika jibu 6/8. Thamani ya jibu hilo ni sahihi. Kilichobaki ni kulirahisisha liwe 3/4. Mashine ilikuwa imewekwa ipokee 3/4 peke yake, nayo ikamwambia amekosa. Alidhani ameibonyeza vibaya, akaandika tena 6/8, akaambiwa amekosa. Alibakiwa na jaribio moja. Akaikata kazi yake katika daftari, akajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akaandika 2/6. Hapo pia akaambiwa amekosa, lakini alikuwa amekwisha kuamua kwamba njia yake ya kwanza haifai. Maswali yote yaliyofuata aliyafanya kwa ile njia mbaya.

Nilipotazama matokeo niliona alama nne juu ya kumi, nikaandika katika kumbukumbu zangu kwamba msichana huyo hajui sehemu. Wiki mbili zilipita kabla sijakusanya madaftari na kuiona ile kazi iliyokatwa, ambayo ilikuwa sahihi mstari kwa mstari. Nilimwita, nikamwonyesha kwamba njia yake ilikuwa nzuri, na siku iliyofuata nikalieleza darasa zima kwamba kosa lilikuwa langu. Hata hivyo, ilichukua muda mrefu kabla hajaiamini tena hesabu yake mwenyewe. Katika mipangilio ya swali lile palikuwa na mahali pa kuchagua kama sehemu zenye thamani sawa zikubaliwe au la. Kupatazama kungalinichukua nusu dakika.

Kwa hiyo, fanya kila swali kwa mkono, kisha jaribu kuingiza majibu ya namna mbalimbali. Ikiwa jibu ni 1/2, ingiza 1/2, kisha 2/4, kisha 0.5, uone mashine inasemaje. Ingiza jibu lenye nafasi katikati, na lile lililofuatwa na kipimo, kama "mita 5". Ingiza pia majibu ya makosa matatu uliyoyaandika katika karatasi yako. Pale unapotaka jibu lililorahisishwa, andika wazi katika swali: "Toa jibu lako likiwa limerahisishwa." Mtoto asiadhibiwe kwa sharti ambalo hakuambiwa.

5. Panga maswali kwa utaratibu

Maswali mawili ya kwanza yawe yale ambayo karibu kila mtoto atayaweza, ili aingie katika kazi kwa moyo. Yafuatiwe na manne au matano ya mada yenyewe, yakipanda hatua kwa hatua: asili zilizo sawa, kisha asili moja iliyo kigawe cha nyingine kama 1/6 + 1/3, kisha asili ambazo kigawo chake cha shirika ni 1 pekee kama 1/3 + 1/4. Weka swali moja au mawili ya mada zilizopita, ili zisisahaulike. Malizia na swali moja la maneno linalohitaji kufikiri. Jumla isizidi kumi. Watoto wengi hurudi nyumbani wakiwa na kazi za kuteka maji na kuangalia wadogo zao, na mwanga wa jioni ni mfupi. Maswali manane yaliyofikiriwa vyema yanafaa kuliko ishirini yaliyorundikwa.

6. Amua idadi ya majaribio na muda wa mwisho

Mifumo mingi humruhusu mwanafunzi kujaribu swali zaidi ya mara moja. Huu ni uzuri mkubwa, kwa kuwa mtoto hupata nafasi ya kujisahihisha wakati fikra ingali moto. Lakini idadi ya majaribio ilingane na aina ya swali. Swali la kuchagua jibu lenye herufi nne, likiruhusiwa majaribio matatu, humpa mtoto anayebahatisha nafasi tatu kati ya nne za kupata, pasipo kufikiri chochote. Maswali ya kuchagua yape jaribio moja, na yale ya kuandika jibu yape matatu au zaidi.

Kuhusu muda wa mwisho, fikiri juu ya nyumba za wanafunzi wako. Simu ya nyumbani ni ya mzazi, na mzazi hurudi nayo usiku. Umeme hukatika, na fedha za vifurushi vya intaneti si za kila siku. Kazi itolewayo Jumatatu na kufungwa Jumanne asubuhi itapima hali ya nyumba, wala haitapima Hisabati. Acha siku kadhaa, zikiwemo Jumamosi na Jumapili, na uwape wasio na kifaa nafasi ya kufanya shuleni au katika daftari bila kupunguziwa alama.

7. Soma matokeo, na ukadai daftari

Mashine itakupa orodha ya alama. Usianzie hapo. Anzia kwenye maswali: ni swali lipi lililowashinda wengi, na jibu lipi la makosa limerudiwa? Kama watoto kumi na wanne wameandika 2/7, wote wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na somo la kesho limekwisha kujipanga. Kama swali moja limewashinda hata wale wanaofahamika kuwa hodari, huenda ubovu ni wa swali lenyewe.

Mwisho, dai daftari daima. Kila jibu la mashine liwe na kazi yake iliyoandikwa kwa mkono. Nisingalidai madaftari siku ile, nisingalijua hata leo yaliyompata yule msichana.

Pale ambapo hakuna kompyuta

Mwanachuo aweza kuuliza: haya yote yananihusu nini, iwapo nitapangiwa shule isiyo na umeme? Yanakuhusu, kwa sababu kiini cha jambo si mashine. Mwalimu mwenye simu moja aweza kuchagua maswali kutoka maktaba, akayaandika ubaoni au kuyachapa. Aweza kukifanya kiolezo kwa mkono pia. Safu ya kwanza hupewa namba hizi, ya pili zile, na ya tatu nyingine, zote zikiwa zimefikiriwa ili ugumu uwe sawa.

Zaidi ya hayo, maktaba ya pamoja yaweza kuanzishwa bila kompyuta hata moja. Walimu wa shule chache za kata moja, wakikutana katika Kituo cha Walimu, waweza kuandika kila swali zuri juu ya kadi. Mbele yake huandikwa swali, nyuma jibu pamoja na makosa yanayotarajiwa na darasa linalofaa. Kadi hizo hupangwa kwa mada ndani ya sanduku, na kila mwalimu huazima na kuongeza. Haba na haba hujaza kibaba. Hata ile maktaba ya maswali zaidi ya 30,000 ilijazwa na walimu waliotoa chache chache kutoka madarasa yao.

Hapa pana wajibu unaosahaulika. Anayechukua kutoka maktaba ya pamoja ana deni. Ukigundua swali lenye jibu baya, mpe taarifa anayelitunza. Ukilitafsiri kwa Kiswahili kizuri, mpe mwenzako tafsiri hiyo. Na kabla ya kulitumia au kulibadili swali la mtu, soma masharti ya maktaba husika, na utaje jina la mtunzi pale inapotakiwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba maktaba ya maswali ni msaada mkubwa kwa mwalimu aliyelemewa, na kwamba kiolezo huzuia kunakili. Tumeona pia kwamba mashine haijui kile mtoto anachofikiri, haijui kilichofundishwa jana, wala haijui kwamba neno "umekosa" laweza kumfanya mtoto aikate kazi iliyo sahihi. Mambo hayo mwalimu anayajua, au yampasa ayajue. Basi muda unaookolewa katika kubuni maswali usiwe muda wa kupumzika tu. Utumike katika kuyachagua, kuyajaribu na kuyapanga.

Mambo ya kujadili na kufanya

(a) Chagua mada moja ya Hisabati ya Darasa la Nne. Andika makosa matatu ya kawaida, kisha tafuta au tunga swali moja la kufichua kila kosa, na swali moja linaloyaficha yote matatu.

(b) Kiolezo cha kuzidisha kinachagua namba ya kwanza kati ya 11 na 99, na ya pili kati ya 2 na 9. Toa mifano miwili ya maswali yatakayotofautiana sana kwa ugumu, kisha pendekeza masharti ya kuyasawazisha.

(c) Badilishaneni kazi mlizotunga. Kila mmoja afanye kazi ya mwenzake kama mtoto anayefanya kosa lile lile tangu mwanzo hadi mwisho. Je, anapata alama ngapi? Alama hizo zinamwambia mwalimu ukweli gani?